Bawabu Kwenye Simu ya Mwenyekiti

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo tumetangaziwa kuwa sisi ni wezi. Wezi wa bando! Kihara, katibu wa ushirika, alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasoma mashtaka. Micah, anayekusanya maziwa upande wa Mau Narok, alikutwa anatazama mpira kwenye simu ya kazi huku mitungi ya watu ikipigwa na jua. Mwingine simu yake inashinda kwa mkewe, ndiyo inayorekodi kwaya. Hakuna aliyekana. Tulikunywa chai tukasikiliza.

Dawa imepatikana. Inaitwa Bawabu. Ni programu — unaiweka kwenye laptop ya ofisi, nayo laptop inazitawala simu zote za kazi. Inafunga hii, inafuta ile, inaamua nani apige na nani apigiwe. Simu ya Kihara haimo kwenye mpango. Nimeuliza kwa nini. Ati hiyo ni ya utawala.

Aliyetuuzia wazo ni Quincy, consultant wa Nairobi. Alikuja mara moja, viatu bila soksi — Njoro hii, baridi hii! Akanywa mala yetu, yale maziwa ya mgando, bilauri mbili, akasema "seamless" kila baada ya sentensi, akaondoka. Ameacha PDF yenye picha za Wazungu wanaoichekea tableti. Anayetakiwa kuiweka hiyo programu ni mimi, Wanjugu, afisa wa ICT wa Ushirika wa Maziwa wa Chepsiro. Afisa! Tangu niajiriwe kazi yangu ni kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa na kumkumbusha Kihara caps lock iko wapi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kipkirui, mkutano mzima alikuwa na simu yake mezani. Anaigeuza kifudifudi, anaigeuza tena, anaichungulia. Binti yake Jepkemei yuko Saudia, kazi za nyumba. Mwajiri alimnyang'anya simu. Mara nyingi Ijumaa, hao mabosi wake wakienda kutembelea jamaa zao, anaazima simu ya msichana yeyote wa jirani na kumflash baba yake. Mlio mmoja tu, halafu mzee anapiga. Namba hubadilika kila mara, na hawana njia nyingine ya kupatana. Ofisi nzima inajua. Simu ikilia anatoka mbio kama kijana, kumbe ni watu wa bima. Anarudi amenyoosha mgongo kana kwamba alikuwa anaongea na gavana, na sisi sote tunajifanya tunaandika.

Namhurumia, kweli. Na bado ni mzee mwenye kiburi, hawezi hata kusema "nilidhani ni mtoto wangu." Yote mawili yanaingia kichwani mwangu bila kugombana.


Jumanne, 9 Septemba 2025

Nimefungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaandika:

sudo apt update

Laptop ikaniuliza nywila, nikaandika. Kihara alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi ya tangawizi shingoni mwangu. Ati keyboard imekufa, mbona haiandiki? Nikamweleza kuwa hapa nywila haionekani ukiiandika, ndivyo ilivyotengenezwa. Akanitazama kwa huruma. Akaninong'oneza nijaribu kugusa waya.

Halafu:

sudo apt install bawabu

Jibu: Unable to locate package. Haijulikani hiyo bidhaa. Nikampigia Quincy. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea kwenye jengo lenye vigae. "Umefollow doc?" Nimefuata doc yako, Quincy, ni doc yako iliyoruka hatua! Ilitakiwa kwanza niiambie laptop duka la Bawabu liko wapi, ndipo iende kuichukua. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. "Ah, hiyo ni obvious," akasema. Unamtuma mtu sokoni, humwambii soko gani, halafu unashangaa akirudi na kikapu kitupu.

Nikaongeza hilo duka mwenyewe. Nikarudia amri. Safari hii ikakubali, ikaorodhesha itakachopakua, ikaniuliza mwishoni: Do you want to continue? [Y/n]

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya Y, yaani ndiyo, tuendelee. Kihara akanishika mkono.

"Hapo nani anaulizwa?"

"Mimi."

"Hapana. Wewe ni mfanyakazi. Hilo ni swali la management."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema mambo ya kuendelea au kutoendelea yanaamuliwa na bodi, na bodi ina mwenyekiti, na mwenyekiti ana kidole. Ikabidi nibonyeze n. Ati Jerry, mtoto wa dada yake, amefanya computer packages zote pale Nakuru na hajawahi kuona kompyuta ikimuuliza mtu swali la maana namna hii. Huyo Jerry namjua. Anaandika CV za watu pale Rhonda, na zote zina hobby moja, kusafiri.


Jumatano, 10 Septemba 2025

Uzinduzi ni Ijumaa. Uzinduzi wa herufi Y! Hema limeagizwa. Pasta amealikwa. Mandazi.

Nimesoma maelezo halisi kwenye tovuti yao, si ile takataka ya PDF. Kuna mambo mawili hayakusemwa. Kwanza, simu haiingizwi kwenye Bawabu mpaka ifutwe yote, ibaki kama siku ilipotoka kiwandani. Picha, meseji, namba, kila kitu kinakwenda. Pili, ikishaingizwa inapokea simu za namba zilizo kwenye orodha ya ofisi tu. Namba nyingine ikipiga inakataliwa kimyakimya. Simu hailii wala haitetemeki, na mwenyewe hajui kama kuna mtu amempigia.

Nikaenda kwa Kihara. Nikamwambia tuanze na ile simu mpya iliyo kwenye kabati, haina kitu. Akashangaa, kama vile nimependekeza tuzindue na ng'ombe wa kukodi. Simu ya kwanza lazima iwe ya Mwenyekiti. Kila cha kwanza ni chake. Hapa ndivyo tulivyo. Ng'ombe wa kwanza kuchanjwa alikuwa wake. Lita ya kwanza kwenye tangi jipya ilikuwa yake, na tulisimama kwenye mvua kuingoja kwa sababu huyo ng'ombe alikuwa hajakamuliwa. Simu yake si hata ya kazi! Aliinunua mwenyewe. Haidhuru. Heshima kwanza.

Nikaenda kwa Mzee mwenyewe. Alikuwa kwenye kiti chake nje ya ofisi, anaota jua. Nikamwambia itafutwa yote.

"Simu yangu haina siri," akasema. "Kiongozi akiogopa, hawa wengine watatoa zao?"

"Na simu za Jepkemei, Mzee?"

Akaichungulia simu yake. Akauliza jambo moja tu: "Itaita bado?"

Nikaanza kumweleza habari ya orodha. Nimefika nusu, akainua kiganja. Mambo ya ndani ni yangu, akasema, mimi ndiye mtaalamu, yeye ataka kujua itaita ama haitaita. Nilikasirika. Mtu anakuuliza swali halafu hataki jibu refu kuliko kidole chake! Nikampigia Quincy palepale. Nikamwambia simu ya Mwenyekiti ipokee namba zote za dunia. Akacheka. "Chill, Wanjugu. Consider it done. Nitaiset from my side."

Nikamwambia Mzee, "Itaita."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye jua lake.


Ijumaa, 12 Septemba 2025

Nimechoka na watu.

Hema lilijaa. Wakusanyaji wote, bodi, akina mama wa njia ya Mauche na vikapu vyao, hata watu wawili waliodhani ni mkutano wa mbolea. Laptop iliwekwa juu ya kitambaa cha meza cha kanisa chenye maua. Pasta akaiombea. Akakemea kila virusi, vya ng'ombe na vya kompyuta, vishindwe. Amina ilikuwa kubwa kuliko ya Jumapili.

Nikaandika amri, ikafika kwenye swali. Kihara akalisoma kwa kipaza sauti, kwa Kiingereza, kisha akalitafsiri, kisha akaeleza uzito wake. Halafu akauliza nani anapendekeza tuendelee. Mama mmoja akapendekeza. Akauliza nani anaunga mkono. Micah akaunga mkono! Micah, ambaye Bawabu imeletwa kumnyima mpira! Alipiga na makofi.

Mwenyekiti akasimama. Koti, kofia, fimbo. Akaipa mtu fimbo. Akaweka kidole kwenye Y na hakukiondoa — labda alidhani ni kengele. Ikaandika yyyyyyyyyyy mpaka mwisho wa mstari. Shangwe. Nikafuta zote nikabakisha moja, nikabonyeza Enter, na hakuna aliyeniona. Mistari ikaanza kuporomoka kwenye skrini, watu wakasema "Wueh!" Kwa mara ya kwanza tangu nije Chepsiro kazi yangu imepigiwa vigelegele, na ilikuwa kazi ya laptop kujipakulia vitu yenyewe.

Bawabu ikaingia. Haikusumbua hata kidogo. Hapo nakiri Quincy hakudanganya.

Kisha simu ya Mwenyekiti. Waya. Skrini ikauliza kama kweli tufute kila kitu. Nikamgeukia Mzee, nikamuuliza tena, kwa sauti, watu wasikie. Nilitaka akatae. Nilitaka hata asite, nipate sababu ya kwenda kabatini. Lakini utamwuliza vipi mwenyekiti kama anaogopa, mbele ya watu wote hao, halafu utegemee aseme ndiyo? Akaiinua ile simu juu. "Futa," akasema. Makofi tena.

Ikazimika. Ikawaka. Ikarudi na picha ya ng'ombe wa ushirika na kitufe kimoja cha kurekodi maziwa. Mzee akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda.

"Ile picha ya Jepkemei?"

"Imefutika, Mzee. Nilisema."

"Hata hiyo?"

Nikasema hata hiyo. Akacheka, cheko la kuwapa watu, akaiweka mfukoni. Kihara akatoa shukrani, akamshukuru kila mtu mpaka mwenye hema. Mimi hakunitaja. Sikutarajia, lakini nilisikiliza mpaka mwisho nione.

Jioni nikampitia Mzee getini. Alikuwa anaangalia simu. Nikamwambia kwaheri. Akaniuliza kama betri inaliwa haraka na kitu hiki. Nikasema hapana.


Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mama Jepkemei alikuja ofisini. Mke wa Mwenyekiti. Hajawahi kukanyaga hapa, hata kwenye uzinduzi hakuja. Alikuwa na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, kwenye leso, akakataa chai, akakataa kiti, halafu akakaa.

"Msichana wangu, ile simu iko sawa?"

Nikauliza kwa nini.

Ati mzee hajalala kitandani, amelala kwenye kiti na simu kifuani. Jepkemei hakuflash jana. Nikasema labda mabosi hawakutoka. Akatikisa kichwa. Ijumaa ya wiki iliyopita, akasema, walipatana jambo. Yule mwajiri anataka kumpeleka mji mwingine, mbali, kwa ndugu yake. Mtoto hataki. Anamwogopa huyo ndugu. Kuna dada mmoja wa kutoka Bomet anayeweza kumficha na kumfikisha ubalozini, lakini lazima aondoke kabla hajahamishwa. Akamwuliza baba yake: nitoroke? Mzee akasema anataka wiki moja afikirie, aombe.

"Wakapatana aflash Ijumaa," akasema mama. "Baba yake akimpigia, ni ndiyo, atoke. Asipompigia, ni hapana, avumilie. Maana saa zingine hata nafasi ya kuongea hakuna."

"Na Mzee alikuwa amekata shauri gani?"

"Atoke. Amekuwa na hilo jibu tangu Jumanne. Anangoja tu kuitwa."

Nilisimama. Nikachukua simu yangu, nikampigia Mzee — ikaita, akashika, nikasema nimekosea namba. Namba yangu iko kwenye orodha. Nikaomba kabambe ya mama — ikaita. Nayo iko kwenye orodha, niliiweka mwenyewe. Nikatoka mpaka kwa anayeuza mandazi barabarani, nikaomba simu yake. Nikapiga.

Haipatikani.

Nikapiga tena. Haipatikani.

Quincy hakuset kitu. Chill, Wanjugu! Nimemdharau yule mtu kwa viatu, kwa Kiingereza, kwa PDF, kwa kila kitu. Neno moja tu la kwake nililiamini bila kulipima, na ndilo hilo. Ningeweza kupima Ijumaa ileile kwa simu ya mama yeyote pale hemani. Nilikuwa nimenuna kwa sababu sikushukuriwa.

Nikarudi, nikamwambia mama ukweli. Hakulia. Aliuliza afanye nini. Nikamwambia aende nyumbani sasa hivi, atoe laini ya mzee kwenye ile simu, aiweke kwenye kabambe yake. Hapo itaita kwa mtu yeyote. Na Jumatatu Mzee aje na ile simu nyingine, niisome. Aliondoka bila kuaga.

Quincy hapokei. Status yake: harusi, Naivasha, amevaa shati la kitenge na miwani ya jua.


Jumapili, 14 Septemba 2025

Sikwenda kanisani. Nilikwenda ofisini, mlinzi akanifungulia.

Nilidhani nitaing'oa Bawabu tu. Sudo apt remove, basi. Kumbe ukiing'oa kwenye laptop, simu inabaki imefungwa vilevile, na huna tena cha kuifungulia. Ni sawa na kutupa ufunguo ukiwa umejifungia nje. Nimeiacha. Kihara amenipigia, mlinzi alimwambia. Anataka kujua kwa mamlaka ya nani ninagusa kitu kilichozinduliwa. Nikamweleza habari ya Jepkemei. Akasema ni jambo la kusikitisha sana, na kwamba tuliingize kwenye agenda.

Agenda!

Nimempigia Mama Jepkemei. Kabambe iko hewani, ina chaji, haijaita. Nikasema pole. Akasema sawa.


Jumatatu, 15 Septemba 2025

Naandika nikiwa mezani.

Mzee amefika kabla ya mtu yeyote. Hana fimbo. Amekaa mbele yangu, kofia magotini, kabambe ya mkewe mkononi. Haijaita. Jumamosi haikuita, Jumapili haikuita, hata leo. Ile simu yenye ng'ombe nimeichomeka kwenye laptop na ripoti yake imetoka. Bawabu inaandika kila simu iliyoikataa. Namba haionyeshi — ati ni siri ya mpigaji, anayeweza kuifungua ni Quincy peke yake. Inaonyesha nchi na wakati.

Zipo tatu kutoka Saudia, zote za Ijumaa. Ya kwanza iliingia wakati Kihara anatoa shukrani. Simu ilikuwa mfukoni mwa Mzee, mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Mbili za mwisho ni za jioni, zimefuatana.

Nimegeuza laptop aone mwenyewe. Amesoma polepole, midomo ikicheza.

"Hii Saudi. Ni yeye?"

"Ni yeye, Mzee. Quincy akishika simu nitapata namba."

"Mara tatu."

"Ndiyo."

Nje Micah anashusha mitungi, anaimba, hajui kitu. Nilitaka kumwambia Mzee ni Quincy, ni Kihara, ni mimi, yeyote, achague wa kulaumu. Hakuonekana kutafuta mtu.

"Sasa yeye anajua nini?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"Jepkemei. Ameuliza mara tatu. Anajua baba yake amemwambia nini?"

Akajijibu mwenyewe, kwa ile sauti ya mkutanoni, ya kufunga kikao.

"Akae. Nimemwambia akae."

Kisha akaweka kabambe mezani kati yetu na kunisogezea simu yangu kwa kidole. Nimepiga. Nimepiga tena. Kihara ameingia, ametuona, ametoka.

Quincy ameshika. Anauliza kama ni urgent.